Tunadai haki, tunapunja wengine

Aprili 5, 2024 mjini Pretoria, shuti la Aziz Ki wa Yanga liligonga mwamba likadunda chini. Mwamuzi akakataa goli, na Mamelodi Sundowns wakafuzu kwa penalti. Masasi na Newala watu walilia dhulma. Sawa. Lakini mshambuliaji wetu akijirusha eneo la hatari akapewa penalti, twamsifu kwa ujanja!

Ndugu Waislamu, Suratul Mutaffifin inawaonya wanaotaka kipimo kamili wakipokea, na kupunja wakiwapimia wengine. Ndiye huyu mkulima anayelaani mizani ya mnunuzi, ilhali gunia lake la korosho lina kokoto.

Mwamuzi huweza kukosea bila kukusudia. Anayejirusha amekusudia, na tunaomshangilia tumeshiriki.