Kiti Kimoja cha Mbulu

Tarehe 30 Agosti 1960 Tanganyika ilichagua Baraza la Kutunga Sheria ambalo lingeivusha nchi hadi kwenye uhuru. Hesabu yake bado inatajwa kwa fahari: viti 71, TANU ikazoa 70. Katika viti 58 wagombea walipita bila kupingwa. Chama cha ANC cha Zuberi Mtemvu kilitoka mikono mitupu, na kura zake nchi nzima hazikufika 400.

Na kile kimoja kilichobaki? Ukiuliza, wengi watakujibu kwamba lazima kilikwenda kwa mlowezi fulani wa Kizungu, au kwa mpinzani mwenye ngome yake. Sivyo. Kilichukuliwa na mwanachama wa TANU, Herman Sarwatt, hapa Mbulu. Mtu aliyeangushwa naye alikuwa mgombea rasmi wa TANU.

Ilikuwaje? Wanachama wa TANU wa Mbulu walimtaka Sarwatt. Makao makuu ya chama yakampitisha Chifu Amri Dodo. Hoja ya makao makuu si ngumu kuielewa: chifu ana jina, ana heshima, na chama kilichokuwa kikijiandaa kushika nchi kilihitaji watu wa namna hiyo upande wake. Amri Dodo hakuwa mtu wa kubezwa. Lakini aliyekaa Dar es Salaam na kupima uzito wa jina la chifu alisahau kuuliza uchifu wenyewe una mizizi ya kina gani kwenye vilima hivi. Wairaqw hawakuwa na mtawala mmoja kabla ya Wajerumani kuja. Mambo yao waliyamaliza wazee katika mikutano ya majirani, na hata katika slufay, ile dua ndefu ya Kiiraqw, mzee husema na waliokusanyika humwitikia kwa pamoja. Watu waliozoea kuitikia wanajua pia kunyamaza.

Sarwatt akachukua fomu kama mgombea binafsi. Hakuihama TANU moyoni, wala waliomuunga mkono hawakuwa wasaliti wa uhuru. Mfikirie mkulima wa Endagikot wa mwaka ule. Ili aandikishwe kupiga kura ilimbidi ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au awe na kipato cha pauni 75 kwa mwaka, au awe ameshika wadhifa fulani. Mwenye mahindi yake, maharage yake na ng'ombe wachache angezitoa wapi pauni 75 za kuonyesha? Wengi wa namna yake walibaki nje ya daftari. Aliyefanikiwa kuingia humo alikuwa ameipata haki hiyo kwa jasho, halafu anaambiwa kuwa chaguo lake limekwisha kufanywa mahali pengine. Alijibu kwa kura. Sarwatt alishinda, akaenda barazani, akakaa upande wa TANU kama alivyokuwa tangu mwanzo.

Kwa hiyo Mbulu haikuikataa TANU. Ilikataa kuchaguliwa mtu. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha mkasa wote, na ndiyo ambayo makao makuu ya vyama vyetu huwa ya mwisho kuiona.

Chama kilijifunza nusu ya somo. Mfumo wa chama kimoja ulipowekwa mwaka 1965, wapiga kura walipewa wagombea wawili wa TANU karibu kwa kila jimbo, mmoja na alama ya jembe, mwingine ya nyumba. Ushindani ule ulikuwa wa kweli: Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliangushwa jimboni kwake. Nadhani tunaudharau uchaguzi ule kuliko unavyostahili. Lakini majina mawili hayo yalipitishwa kwanza na Halmashauri Kuu, na mlango aliopitia Sarwatt ukafungwa. Tangu hapo, asiye na chama hagombei.

Nusu ya somo iliyoachwa ililipiwa baadaye, tena katika ardhi ile ile. Karatu ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbulu ya zamani. Mwaka 1995 Wilbrod Slaa aliongoza huko kura za maoni za CCM, chama kilichoirithi TANU, kisha jina lake likakatwa. Mgombea binafsi haruhusiwi, basi akaenda CHADEMA, akashinda. Makao makuu ya mwaka 1960 yalipoteza kiti kwa mtu aliyerudi nyumbani mara tu alipoapishwa. Makao makuu ya mwaka 1995 yalilipoteza jimbo lenyewe, na halikurudi CCM hadi mwaka 2020, miaka 25 baadaye. Slaa mwenyewe alifika kugombea urais mwaka 2010. Yote hayo yalianzia kwenye kikao kilichodhani kinajua kuliko wajumbe wa Karatu.

Mchungaji Christopher Mtikila aliupigania mlango ule wa mgombea binafsi mahakamani karibu maisha yake yote ya siasa. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ilimkubalia, Bunge likaharakisha kubadilisha Katiba ili hukumu isifanye kazi. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni jambo la Bunge kuamua. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, inayokaa Arusha, ikatamka kwamba Tanzania inavunja haki ya raia kwa kumzuia kugombea bila chama. Mwalimu Nyerere naye, katika miaka yake ya mwisho, alisema wazi kwamba haki hiyo ni ya raia na si ya kuombwa kwa chama.

Sheria haijabadilika. Mwenye mamlaka ya kuibadilisha ni Bunge, na wabunge karibu wote wamefika pale kwa majina yaliyopitishwa na vikao vya juu vya vyama vyao. Mwanachama wa Endagikot akimtaka mtu wake leo, na makao makuu ya chama Dodoma yakalikata jina lake, mtu huyo hawezi kufanya alichofanya Sarwatt chini ya gavana wa Kiingereza. Akienda kwa msimamizi wa uchaguzi bila chama kilichomdhamini, ataondoka bila fomu.