Magoti na Ulimi

Kila mazungumzo yetu ya baada ya Isha yanapofika Mengo, swali huwa lile lile: je, Mwislamu ampigie magoti Kabaka? Hukumu ya magoti nawaachia masheikh. Mimi nauliza kuhusu ulimi.

Uislamu uliingia Buganda kupitia baraza la mfalme. Inasimuliwa kwamba mwaka 1844 mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alikuwepo mbele ya Kabaka Suna II watu walipoamriwa kuuawa. Akasimama, akamwambia kuwa hao ni viumbe wa Mungu, na ni Mungu huyo huyo aliyempa ufalme. Mgeni, hana jeshi, na ana bidhaa za kuuza! Suna hakumuua. Alitaka kumjua huyo Mungu.

Mwanawe, Mutesa I, alifunga Ramadhani zipatazo kumi. Lakini mwaka 1876 baadhi ya bagalagala, vijana waliohudumu ikuluni, walikataa nyama iliyochinjwa na wasiotahiriwa, wakakataa na kusali nyuma ya Kabaka ambaye mwenyewe hakuwa ametahiriwa. Makumi yao wakauawa Namugongo. Tuwaangalie vizuri vijana hawa. Kumtumikia mfalme hawakuona taabu, walikuwa watu wake wa karibu kabisa. Walichomnyima ni kile tu kisichokuwa chake.

Baraza la leo halina upanga. Majeshi ya Obote yaliivamia Lubiri mwaka 1966, falme zikafutwa 1967, zikarudishwa 1993, na Katiba ya 1995 inamkataza mtawala wa jadi kushika madaraka ya serikali. Heshima tunayompa Kabaka sasa ni ya hiari, na naipenda zaidi kwa sababu hiyo. Ila kimya chetu nacho ni cha hiari. Hofu ya kifo imeondoka, imebaki haya, na shukrani pia: msikiti wa Kibuli umesimama juu ya ardhi aliyoitoa Mwanamfalme Badru Kakungulu. Ni vigumu kumkosoa aliyekupa mahali pa kusujudu.

Lakini yupo mwenye kibanja katika ardhi ya Kabaka, mjane pengine, mwenye shida na asiyejua aanzie mlango gani pale Bulange. Sisi tukialikwa huko tunavaa kanzu, tunapiga picha. Nani kati yetu atalitaja jina lake kabla chai haijaletwa?