Siku ya Mapumziko ni ya Nani?



Sikukuu za Idi zikikaribia, nyumba zetu nyingi hapa Muscat huanza kupanga safari. Wengine huelekea Salalah, wengine hukodi boti kwenda visiwa vya Daymaniyat. Wachache waliojaliwa kuweka akiba hufika hata Santorini, kisiwa cha Ugiriki katika Bahari ya Mediterania, mabaki ya volkano iliyolipuka zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Safari hizo ni njema. Mwili uliochoka unadai haki yake, na watoto wanahitaji kuwaona wazazi wakicheka. Lakini kabla ya kufunga mizigo, tutafakari swali moja: siku ya mapumziko ni ya nani?

Tuanze na kisiwa hicho. Mji wa Fira umejengwa juu kabisa, ukingoni mwa volkano. Bandari ya zamani iko chini, baharini. Kati yake kuna ngazi zaidi ya 500. Lipo gari la kuning'inia kwenye kamba, lakini kuna wageni wanaopenda kupandishwa na punda, na punda hao hupanda na kushuka juani. Malalamiko yalizidi hadi mwaka 2018 serikali ya Ugiriki ikaweka masharti: punda asibebeshwe zaidi ya kilo 100, au zaidi ya sehemu moja ya tano ya uzito wake. Familia inafika juu, inapiga picha nzuri, inamshukuru Mungu kwa siku ya mapumziko. Punda anageuzwa kurudi chini kumchukua mwingine.

Amri ya Sabato inamtaja punda huyo. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 5, Mungu hamwambii mwenye nyumba apumzike peke yake. Anataja watoto wake, mtumwa na mjakazi, ng'ombe na punda, na mgeni aliye malangoni. Sababu anayoitoa ni kwamba Israeli naye aliwahi kuwa mtumwa kule Misri. Aliyeonja kutumikishwa asisahau anapopata wa kumtumikia.

Sisi tumo katika orodha hiyo pande zote mbili. Dada zetu wengi wanaofanya kazi za majumbani wanajua kwamba siku bosi anapokwenda pwani ndiyo siku yao ndefu kuliko zote: kupika tangu alfajiri, kubeba maboksi ya barafu, kukimbizana na watoto majini, kisha kurudi kuosha vyombo usiku. Na baadhi yetu tunaye dada wa kazi nyumbani. Tunampakia garini, anashinda na mtoto mgongoni, halafu tunasema, "Leo naye amepumzika, si tumemtembeza?"

Mtu atajibu: analipwa. Ni kweli, na mshahara ni haki yake. Lakini mshahara unalipa kazi. Haujawahi kumlaza mtu usingizi. Mwingine atauliza: tufanyeje, kila mtu akipumzika nani atapika? Swali hilo ni zuri, na jibu lake sisi wauguzi tumelikuta wodini.

Wodi haifungwi. Homa haijui Idi wala Krismasi, na Bwana Yesu mwenyewe aliponya siku ya Sabato. Muuguzi anayekwenda kulala analala kwa sababu mwenzake amepokea zamu: ameambiwa nani ana homa, dripu ya nani inakaribia kwisha, nani hajala tangu jana. Wakati wa Idi huwashikia zamu wenzetu Waislamu wakasali na kula na jamaa zao. Krismasi, ambayo hapa si sikukuu ya taifa, wao hutushikia sisi. Kila apumzikaye amebebwa na mwenzake, na siku ya pili yeye ndiye anayebeba. Hapo ndipo zamu inapotofautiana na utumwa: katika zamu, mzigo hurudi kwa aliyeutua. Punda wa Santorini hajawahi kupokewa na abiria wake.

Basi tupange mapumziko kama tunavyopanga zamu. Baba awaangalie watoto majini, mama akae kivulini bila kuitwa. Vijana waoshe sufuria. Dada wa kazi apewe siku iliyo yake kweli: alale, apige simu kwao, aje ibadani akitaka, wala asikabidhiwe mtoto "kidogo tu". Na sisi ambao bado tuko chini ya amri ya bosi tuombeane, tena tupokeane: aliye na nafasi leo amtembelee asiyeweza kutoka.

Jioni tukirudi na mchanga viatuni, tuulizane garini: leo ni nani hakukaa chini hata mara moja? Jina litakalotajwa liwe la kwanza kupumzika safari ijayo.

Mungu awabariki.