Adabu ya Mgeni

Msomaji, chukua ramani ya bara la Asia uitandaze mezani. Katikati ya Uhindi na Tibet iliyo chini ya Uchina, ndani ya safu ya milima ya Himalaya, utaona nchi ndogo iitwayo Bhutan. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 38,000, kiasi cha kuweza kuingia katika Kenya mara kumi na tano, na watu wake hawafiki milioni moja. Ni nchi ya kifalme, na walio wengi hufuata dini ya Kibudha. Nataka twende huko pamoja kwa fikira. Sina tikiti ya kukupa. Lakini nchi hiyo humwuliza kila mgeni swali ambalo nasi hatuna budi kulijibu: Je, mwenye uwezo wa kufika mahali anayo haki ya kufika?

Kwa karne nyingi nchi hiyo ilikaa nyuma ya milima yake kama mtu akaaye nyuma ya pazia. Wageni wa matembezi walianza kupokelewa mwaka 1974, mfalme wa nne, Jigme Singye Wangchuck, alipotawazwa. Lakini mlango haukuachwa wazi kabisa. Mgeni alitakiwa kulipa ada kwa kila siku ya kukaa kwake. Mwezi wa Septemba 2022 ada hiyo ilipandishwa ikawa dola 200 kwa usiku mmoja. Mwaka uliofuata ikapunguzwa ikawa dola 100. Wahindi, ambao ni majirani, hulipa kiasi kidogo zaidi. Fedha hizo husaidia shule, matibabu na hifadhi ya misitu. Maana katiba ya mwaka 2008 imeagiza kwamba misitu isipungue asilimia 60 ya nchi, wakati wote.

Nilipowaeleza wanafunzi wangu habari hizi, mmoja alisimama akasema, "Mwalimu, huo ni ubahili. Sisi husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tangu lini mwenyeji akasimama mlangoni na kumdai mgeni?" Darasa likacheka, lakini swali lilikuwa zuri, nami sikulidharau. Nilimkumbusha kuwa wahenga hao hao walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hizi mbili hazigombani. Ya kwanza yatufunza kwamba ugeni una baraka. Ya pili yatufunza kwamba baraka ina kipimo, na kwamba alaye katika nyumba hana budi kushiriki katika mzigo wake. Mgeni anywaye maji ya mto, atembeaye katika barabara na kuacha taka nyuma yake, amekwisha kuongeza mzigo wa mwenyeji. Ada ni jembe alilokabidhiwa.

Hata hivyo, yule kijana hakuwa amekosea kabisa. Ada hupima mfuko, haipimi tabia. Tajiri asiye na heshima aweza kuilipa kwa mwaka mzima. Mwalimu maskini mwenye hamu ya kujifunza asiweze kuilipa kwa usiku mmoja. Hiyo ni kasoro, na haifai kufichwa. Kwa hiyo, fedha haziwezi kuwa jibu lote la swali letu. Liko deni jingine ambalo mgeni hulipa kwa mwenendo wake, na deni hilo halina punguzo kwa tajiri wala kwa maskini.

Tazama basi mambo ambayo msafiri yampasa kuyajua kabla ya kufunga mzigo. Ndege hutua Paro, katika bonde lililozungukwa na milima, na hutua mchana tu, kwa kuwa rubani hana budi kuiona njia kwa macho yake. Atokaye Nairobi hubadili ndege njiani. Mji mkuu, Thimphu, uko kwenye kimo cha mita zipatazo 2,300. Mkazi wa Nyahururu hatashangaa, lakini mwenyeji wa Mombasa atapanda ngazi akihema, na usiku atatafuta blanketi la pili. Fedha ya huko ni ngultrum, na thamani yake ni sawa na rupia ya Uhindi. Chakula kipendwacho ni pilipili zilizopikwa kwa jibini; huko pilipili si kiungo cha mboga, bali ndiyo mboga yenyewe. Mgeni akionja, machozi yakamtoka, na ashukuru vivyo hivyo.

Hekaluni mgeni huvua viatu na kofia, hufunika mabega na magoti, wala hapigi picha ndani. Apitapo kwenye mnara mtakatifu huuzunguka kwa kuuweka upande wake wa kuume. Aweza kuwa Mwislamu, Mkristo au mtu asiye na dini. Hatakiwi kuamini, atakiwa kustahi. Mwenye kusema, "Dini hii si yangu, kwa hiyo amri zake hazinihusu," amesahau kwamba hata nyumba si yake. Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba jicho moja. Si kwa sababu kuona ni kosa, bali kwa sababu hukwenda kuwasuta.

Liko funzo kubwa kuliko haya, nalo limeandikwa katika mlima. Katika nchi hiyo upo mlima uitwao Gangkhar Puensum, wenye urefu wa mita 7,570. Huhesabiwa kuwa mrefu kuliko milima yote ya dunia ambayo kilele chake hakijakanyagwa. Katika miaka ya 1980 wapandaji walijaribu wakashindwa. Mwaka 1994 serikali ikakataza kupanda milima ipitayo mita 6,000, na mwaka 2003 ikakataza upandaji wa vilele kabisa, kwa kuwa watu wa huko huviheshimu kama makao matakatifu. Sisi pia twaijua hisia hiyo: wazee wa Wakikuyu walielekea Mlima Kenya katika sala zao. Leo vipo vyombo na ujuzi wa kukifikia kilele kile, lakini dunia imeambiwa, "Hapa, basi," nayo imetii. Hili ndilo jibu la swali letu. Uwezo hauzai ruhusa. Mtu muungwana hutambulika kwa yale ayawezayo asiyafanye.

Lakini, msomaji, usidhani nakusifia nchi ya malaika. Mfalme yule yule alitangaza kwamba furaha ya watu ni kipimo bora kuliko utajiri, na ulimwengu ukapendezwa na neno hilo. Walakini, karibu na mwaka 1990, watu wengi wenye asili ya Kinepali waliokuwa wakiishi kusini mwa nchi hiyo waliondolewa au walikimbia. Vazi moja la taifa lilikuwa limelazimishwa kwa wote, na lugha yao ilikuwa imeondolewa shuleni. Serikali ilidai kwamba wengi wao hawakuwa raia. Wao walisema wamefukuzwa kwao. Walikaa kambini nchini Nepal kwa miaka mingi, na kuanzia mwaka 2007 zaidi ya watu laki moja walihamishiwa nchi nyingine, wengi wao Marekani. Basi adabu ya mlangoni haitoshi. Mwenye haki ya kumwuliza mgeni, "Umekuja na moyo gani?" apaswa naye kuulizwa, "Walio ndani umewatendeaje?"

Huenda wewe hutafika Bhutan maisha yako yote. Haidhuru. Kesho utakuwa mgeni katika bweni la shule, katika mji wa kazi, katika ukoo wa mkeo au mumeo. Na kesho kutwa utakuwa mwenyeji wa mtu asiyesema lugha yako. Ukiwa mgeni, uliza desturi kabla ya kuuliza bei, na ujue kwamba malipo hufungua mlango tu, lakini adabu ndiyo humkalisha mtu. Ukiwa mwenyeji, linda nyumba yako, wala usione haya kuilinda; lakini angalia usiufunge mlango huku mmoja wa watu wako amebaki nje.