Meno Sita ya Mbele

Nina meno ya kahawia. Sivuti sigara, kahawa nakunywa mara moja moja, na mswaki napiga asubuhi na usiku. Nimekulia kwenye miteremko ya Mlima Meru, upande wa mashariki, na mtu aliyewahi kuishi Arusha akiniona nikicheka haulizi kwetu ni wapi. Wa Dar es Salaam, ninakofanya kazi, huuliza. Wengine hawaulizi, wanaangalia kinywa changu na kuhamisha macho haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta kuna mtu ndani.

Mdogo wangu wa kike alikuwa na meno kama haya. Miezi michache kabla ya harusi yake alinipigia simu akitaka nimchangie fedha za kuyafanya meno sita ya mbele, ya juu, yawe meupe. Fedha zenyewe zilikuwa karibu mshahara wangu wa miezi mitatu. Nyumbani kwa mama, wakati huo, walikuwapo wajukuu wawili, mmoja wa miaka mitatu na mwingine wa miezi kumi, wanaokunywa maji ya bomba lile lile lililotupaka sisi rangi. Kwa fedha hizo hizo mama angepata tangi la kukingia maji ya mvua. Swali ninalotaka kuliangalia hapa ni hilo: je, ni haki kuyang'arisha meno ya mtu mmoja wakati maji yaliyoyaharibu bado yanachotwa?

Kwanza neno lenyewe. Kliniki nyingi za mjini hutangaza "kusafisha meno", na chini ya jina hilo zinauza kazi mbili tofauti. Moja ni kuondoa ukoga, yaani ile gamba ngumu inayojijenga karibu na ufizi. Hiyo ni usafi kweli. Nyingine ni kubadili rangi. Zikiitwa jina moja, anayesikia huamini kwamba jino lisilo jeupe ni jino chafu. Nimeambiwa na watu wenye nia njema kabisa, "Kaka, jitahidi usafi wa kinywa." Kinywa changu kisafi kuliko cha wengi wao, kwa sababu mtu mwenye meno kama yangu hupiga mswaki kwa woga.

Kinachoyapaka rangi ni floraidi. Meru ni mlima wa volkano, na maji yanayopita kwenye miamba yake huibeba floraidi mpaka kwenye chemchemi na mito. Kiasi hutofautiana sana: chemchemi moja inaweza kuwa na maji mazuri, na nyingine, mwendo mfupi tu kwa miguu, ikawa mbaya. Maziwa ya Momela, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, yana floraidi inayofikia mamia ya miligramu kwa lita. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5. Kwa miaka mingi kiwango cha Tanzania kiliruhusu mpaka miligramu 4, baadaye nacho kikashushwa hadi 1.5. Kiwango kilishuka kwenye karatasi. Maji ya kwetu hayajui kusoma. Ongeza magadi, ambayo mama zetu hutia kwenye maharage ili yaive haraka, nayo yana floraidi yake.

Mtoto anayekunywa maji hayo, seli zinazojenga tabaka gumu la nje la jino hushindwa kulikamilisha. Linabaki na vitundu vidogo visivyoonekana. Jino huota likiwa jeupe, weupe wa chaki, na rangi ya kahawia huja baadaye, vile vitundu vikinyonya rangi mwaka hadi mwaka. Nakumbuka mama akisifia meno yangu mapya ya mbele nikiwa darasa la pili. Kufika darasa la sita alikuwa ameacha kuyasifia. Ikifika takriban miaka minane, karibu meno yote ya ukubwani yameshajengwa ndani ya ufizi, na floraidi haiwezi tena kuyafanya lolote la namna hiyo. Mifupa ndiyo inayoendelea kudhurika. Eneo la Maji ya Chai, ambako jina la mto lenyewe linakueleza rangi ya maji yake, kumekuwa na watoto waliopinda miguu na wazee waliokakamaa mgongo kwa sababu hiyo hiyo.

Kuna kichekesho kimoja ambacho siwezi kukiacha. Mwaka 1901 daktari wa meno kijana, Frederick McKay, alihamia Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wana meno ya kahawia ambayo hakuna kitabu kilichoyaeleza. Alihangaika nayo miaka 30. Aligundua kwamba meno yale, pamoja na ubaya wa sura yake, hayakuwa yakitoboka kirahisi. Mwaka 1931 mkemia wa kampuni ya aluminiamu, H. V. Churchill, alipata floraidi kwenye maji. Ndipo wakaanza kujiuliza kama floraidi kidogo, kwa kipimo, ingeweza kulinda meno bila kuyapaka rangi, na kutokana na swali hilo ikaingia kwenye dawa ya meno unayotumia kila siku. Kwa hiyo watu wenye meno kama yangu ndio waliowapa walimwengu wengine meno mazima. Shangazi yangu hataki kabisa kusikia habari hii. Yeye hupigia mswaki chumvi, na hupeleleza kila kopo la dawa ya meno kana kwamba limeandikwa sumu.

Nilimsindikiza mdogo wangu kwa daktari. Nilidhani tungeuziwa ndoto, kumbe daktari alikuwa mkweli kuliko matangazo yake. Dawa ya kung'arisha, alisema, ni ya jamii ya haidrojeni peroksaidi. Inapenya ndani ya jino na kuivunjavunja rangi. Mtu anaweza kutengenezewa kifuniko laini cha kuvaa usiku chenye dawa hafifu, njia iliyoanza kuandikwa na madaktari mwaka 1989, au apakwe dawa kali zaidi kwenye kiti cha kliniki, ufizi ukiwa umekingwa. Wote wawili watasikia meno yakikata kwa maji baridi siku chache, na wote watalazimika kurudia baada ya muda, kwa sababu chai na kahawa haziendi likizo. Mkaa na limau na magadi soda tunavyoviona kwenye video alivipuuza kwa sentensi moja: mkaa unakwangua, limau inayeyusha, na kilichokwanguliwa au kuyeyushwa hakioti tena.

Halafu akamwambia, "Lakini dada, yako ni ya floraidi." Dawa peke yake ingeweza kuyafanya madoa ya chaki yaonekane zaidi. Njia iliyobaki ilikuwa ama kukwangua tabaka la juu kwa asidi na unga laini, kama rangi haijazama sana, au kuyapunguza meno kwa mashine na kuyabandika vigae vyembamba vya kauri. Yake ilikuwa imezama. Vigae vinadumu miaka, si maisha, na jino lililopunguzwa haliwezi kurudi lilivyokuwa. Mdogo wangu aliuliza maswali mawili tu: itauma, na itakuwa tayari kabla ya Desemba?

Tukiwa kwenye daladala nilimwambia nilichokuwa nafikiri. Meno yako yameshajengwa, yanaweza kungoja mwaka mmoja au kumi. Ya watoto pale nyumbani yanajengwa leo. Tangi kwanza, meno baadaye.

Akanyamaza mpaka Mwenge. Kisha akasema, "Kaka, wewe ni mwanamume. Meno yako ni hadithi ya kuchekesha. Yangu ni kasoro." Akanieleza kwamba mama mkwe wake mtarajiwa, mtu wa Mwanza, alikuwa ameuliza kwa upole kama watoto watakaozaliwa "watarithi". Hawatarithi, bila shaka. Floraidi haimo kwenye damu ya Wameru. Mtoto atakayezaliwa na kulelewa Mwanza atakuwa na meno ya maji ya Mwanza. Lakini mdogo wangu hakutaka kuingia kwenye ukoo mpya akiwa na kipeperushi cha elimu ya maji mkononi.

Nilikuwa na hoja nyingine, ambayo sikuitoa siku hiyo. Katika mkutano mmoja wa kijiji, miaka ya nyuma, ofisa mmoja aliyekuja kutusikiliza alisema malalamiko ya meno ni mambo ya urembo, na serikali ina vipaumbele. Bibi mmoja alisimama, hakusema kitu, akamshika mjukuu wake aliyepinda miguu na kumpitisha mbele ya meza. Tangu siku ile nimekuwa nikiamini kwamba meno yetu ni ushahidi. Wanaosoma, wanaopata kazi, wanaofika mahali pa kusikilizwa, ndio hao hao wanaoweza kulipia vigae vya kauri. Wakishabandikwa, wanaingia ofisini na vinywa visivyosema lolote kuhusu maji. Kinachobaki kijijini ni ushahidi usio na sauti.

Hoja hiyo bado naiona ina uzito, lakini ina kitu kinachonikwaza. Inamtaka binti wa miaka 26 atembee na kinywa chake kama kielelezo cha mahakamani, kwa faida ya kesi ambayo hakuna aliyeifungua. Hakuna anayemwambia mtu aliyeungua moto asitibiwe kovu ili watu wakumbuke hatari ya mafuta ya taa. Na wale wanaohubiri "jipende ulivyo", wengi wao nimewaona, wana meno meupe ya kuzaliwa nayo. Tunajua kupenda tofauti ya meno pale tunapoamua. Mwanya, ambao kwingine watu hulipia waya ili uzibwe, kwetu umesifiwa vizazi kwa vizazi. Vinywa vilivyowekundu kwa tambuu viliwahi kuwa pambo la bibi harusi wa pwani. Kwa hiyo kahawia nayo ingeweza kupendwa. Ila haikupendwa, na mdogo wangu anaolewa sasa, kwenye macho yaliyopo sasa.

Jino la pembe si dawa ya pengo, walisema wahenga. Sidhani wahenga walikwenda kwenye mahojiano ya kazi.

Kilichonifumbua zaidi ni kikao cha kamati ya harusi. Bajeti ilisomwa: ukumbi, chakula, vinywaji, mshereheshaji, picha na video, keki, gari la maharusi, mapambo. Mapambo peke yake yalizidi bei ya meno sita. Ni vitambaa na maua vitakavyoondolewa saa nane usiku. Hakuna aliyeuliza kama mapambo ni haki wakati watoto wa Meru wanakunywa floraidi. Mimi mwenyewe nisingeuliza. Swali hilo la haki lilikuwa limesubiri mpaka lifike kwa mtu ambaye maji yalikuwa yameshamdhulumu, likamkamata yeye achague kati ya meno yake na ya wapwa zake. Mwenye meno ya kahawia ndiye aliyetakiwa kuwa na dhamiri kuhusu meno ya kahawia.

Sikuacha kuamini kwamba tangi lina haraka kuliko meno. Hesabu ya umri wa mtoto ni hesabu, haibembelezwi. Nilichokataa ni kwamba deni hilo lilipwe kutoka kwenye kinywa chake. Nikasimama kwenye kikao nikapendekeza mapambo yapunguzwe nusu na fedha zinazobaki zinunue tangi na mifereji ya bati nyumbani kwa mama wa bibi harusi. Kulikuwa na kimya, kisha mjomba mmoja akauliza kama picha zitatoka vizuri. Mwenyekiti, mwenyewe mtu wa Ngarenanyuki mwenye meno ya rangi kunizidi mimi, akasema picha zitatoka vizuri kwa sababu bibi harusi atakuwa anacheka. Ikapita. Mchango wa meno nilitoa sehemu, sehemu aliweka mdogo wangu mwenyewe.

Anacheka kweli kwenye picha. Meno ya chini ni yale yale ya zamani, na akicheka sana yanaonekana. Mama mkwe hajauliza tena.

Tangi ni la lita 1,000. Masika ya mwaka uliofuata yalilijaza. Mama alipiga hesabu ya lita 10 kwa siku, za kunywa na kupikia watoto tu, watu wazima waendelee na bomba, na magadi yakaondoka jikoni baada ya mabishano makali kuhusu maharage. Kuanzia Juni mvua ilipokatika, lita 10 kwa siku ni siku 100. Mwanzoni mwa Septemba alinipigia simu kusema maji yamebaki vidole vinne, vuli bado, na yule mdogo ameanza kuota magego. Nimempigia mwenyekiti wa kamati. Kuna binamu yetu anaoa Februari, na bajeti ya mapambo haijapitishwa.