Ramadhani, Siku ya 12: Umepona, Sasa Rudi Hatua kwa Hatua



Tafakari ya leo ni ya wewe uliyetoka kuugua. Labda ni malaria iliyokulaza wiki mbili, labda nimonia, labda upasuaji. Homa imeondoka, alhamdulillah, lakini mwili bado si ule. Zamani baada ya Alfajiri ulikuwa unatembea kilomita zako bila wasiwasi. Leo unapanda ngazi chache tu, moyo unadunda na magoti yanatetemeka. Tarawehe nayo, rakaa ya nne tu unatafuta ukuta wa kuegemea.

Hapa shetani hukujia kwa milango miwili. Wa kwanza anakwambia: "Si umeshapona? Watu watakuona mvivu." Unajilazimisha, unafanya yote kwa siku moja, na kesho yake uko kitandani tena. Wa pili anakwambia: "Pumzika tu, wewe bado mgonjwa." Wiki inakuwa mwezi, mwezi unakuwa mwaka, na mwili usiotumika unazidi kulegea.

Sasa tuangalie mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.). Sahaba Imraan bin Huswayn (r.a.) alikuwa na maradhi ya bawasiri, akamuuliza Mtume kuhusu swala. Bukhari amepokea jibu lake: aswali kwa kusimama, asipoweza aswali kwa kukaa, asipoweza aswali kwa ubavu. Daraja tatu hizo, na zote ni swala! Hakuambiwa asimame mpaka aanguke, wala hakuambiwa aache mpaka apone kabisa.

Siku nyingine Mtume (s.a.w.) aliingia msikitini akakuta kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akaambiwa ni ya Bi Zaynab, akichoka katika swala huishika. Akaamrisha ifunguliwe, na akafundisha kwamba mtu aswali akiwa na nguvu, na akichoka akae. Basi ikiwa hata kwenye swala hatukutakiwa kuujeruhi mwili, vipi kwenye mazoezi?

Kwa vitendo, fanya hivi. Homa ikiwa bado ipo, acha mazoezi kabisa. Ikiisha, na daktari akakuruhusu, anza na dakika 10 za kutembea mahali tambarare, hata kama ni kutoka mlangoni kwako hadi nguzo ya tatu ya umeme na kurudi. Kipimo chako ni mdomo wako: ukiweza kuzungumza huku unatembea, uko sawa. Ukikatika pumzi, punguza mwendo. Siku kadhaa zikipita salama, ongeza dakika 5. Ukiamka umechoka kuliko jana, rudi nyuma kidogo, wala hujashindwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hapo ni pa kufika, si pa kuanzia.

Mwezi huu, wakati mzuri ni usiku, futari ikishatulia tumboni. Kama msikiti uko karibu, nenda Isha kwa miguu, upate mazoezi na thawabu za hatua. Jua la mchana liepuke, na maji yanywe kidogo kidogo kuanzia futari mpaka daku. Ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu kikali, au moyo kwenda mbio umekaa tu, nenda hospitali. Ikibidi kufungua, fungua. Ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, na siku hizo utazilipa ukiwa na nguvu.

Na usihuzunike kwa uliyoyakosa. Katika Bukhari pia tunafundishwa kwamba mja akiugua huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyafanya alipokuwa mzima. Yaani zile Tarawehe ulizokuwa ukisimama kila mwaka, zinakufuata mpaka kitandani. Sasa haraka ya nini?

Nawe uliye mzima, ukimwona mwenzako kakaa kwenye kiti, usimwambie "mbona umeshapona." Mngojee mlangoni, mtembee naye kwa mwendo wake. Wengi hukata tamaa kwa maneno yetu kuliko kwa maradhi yenyewe.

*Kazi ya leo:* Kama umetoka kuugua, tembea dakika 10 baada ya futari kwa nia ya kupata nguvu za ibada. Kama u mzima, mpigie simu mmoja aliyekosekana safuni.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, warudishie nguvu waliopona, na utufikishe sote Laylatul Qadr tukiwa na afya na imani. Aamiin.

Mtumie na mwenzako. Ramadhani Kareem.