Ushahidi kwa Bibi Aliye Hai

 

Ndugu zangu waumini, hapa Chita hatuna haja ya kuelezwa askari ni nani. Tunapakana na kambi ya JKT, vijana wetu wamepita humo, na gwaride tunalijua. Lakini wako wapiganaji waliopigana bila gwanda wala cheo begani. Mmoja wao ni Bibi Titi Mohamed, mwanamke Mwislamu wa Dar es Salaam, aliyezaliwa mwaka 1926 na kufikwa na mauti Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000. Namtaja leo kwa ajili ya deni, siasa tuwaachie wenyewe.

Shule aliishia darasa la nne. Watu walimjua kwa sauti, kwa kuwa alikuwa mwimbaji wa ngoma ya Bomba. Chama cha TANU kilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga, na wanaume wengi wakawa wanakwenda mikutanoni kwa kujificha. Mwaka 1955 Bibi Titi akakabidhiwa sehemu ya wanawake, naye akaanzia kwa wale aliowajua, akina mama wenzake wa vikundi vya ngoma. Wengi hawakuwahi kukaa darasani, lakini ndio waliokata kadi kwa maelfu. Uhuru ukapatikana tarehe 9 Desemba 1961, na mwaka uliofuata akawa mwenyekiti wa kwanza wa umoja wa wanawake, UWT.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1967 hakukubaliana na masharti ya Azimio la Arusha kuhusu nyumba za kupangisha, akajiuzulu uongozi. Mwaka 1969 akakamatwa, akashitakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 akatoka kwa msamaha wa Rais Nyerere. Kesi ile mimi si hakimu wake, na waliohusika wengi wamekwisha kufika kwa Hakimu asiyekosea. Linalotuhusu ni yaliyofuata alipofika nyumbani: kimya. Waliokuwa wakijaa barazani kwake walipita njia nyingine. Karibu miaka 20 jina lake halikusikika kwenye sherehe za nchi, mpaka mwaka 1991, Uhuru ulipotimiza miaka 30, alipokumbukwa tena kuwa ni shujaa. Leo barabara kubwa katikati ya jiji inaitwa kwa jina lake. Ni jambo jema, lakini barabara haibishi hodi kwa mgonjwa.

Katika Suratul Baqara, aya ya 283, Mwenyezi Mungu anatukataza kuficha ushahidi, na anatuambia kwamba mwenye kuuficha moyo wake umeingia dhambini. Aya hiyo imeshuka katika mlango wa madeni na rehani. Mtu atasema, sheikh, unaivuta mbali. Siivuti mbali. Ukijua wema wa mtu, ukaunyamazia kwa sababu siku hizo kumsifu hakuna faida, kisha ukausema kwa sauti kubwa juu ya jeneza lake, ulikuwa na deni na umelilipa mwenyewe hayupo.

Maswahaba hawakuwa hivyo. Nusayba bint Kaab, Ummu Umara, alitoka siku ya vita vya Uhud amebeba kiriba cha maji kuwanywesha majeruhi. Waislamu walipotawanyika, akakiweka kiriba chini, akashika upanga, akasimama mbele ya Mtume, rehema na amani zimfikie. Alipata jeraha la bega lenye kina, ambalo vitabu vya sira vinasema alilitibu mwaka mzima. Miaka ikapita, akaenda vita vya Yamama akiwa mtu mzima, akarudi mkono mmoja umekatika. Sasa tazameni aliishije baada ya hapo. Abubakar, naye ni khalifa, alikuwa akienda kumjulia hali. Na katika zama za Umar zililetwa nguo nzuri, moja ikiwa pana na ya thamani, na mtu akashauri apelekewe mke wa Abdullah, mwana wa Umar mwenyewe. Umar akakataa, akaamuru ipelekwe kwa Ummu Umara, na papo hapo akatoa ushahidi: alimsikia Mtume akieleza kwamba siku ya Uhud kila alipogeuka, kulia au kushoto, alimwona mama huyu akipigana kumkinga. Nguo na ushahidi vimekwenda pamoja, na mwenye navyo yu hai, anapokea kwa mkono wake uliobaki.

Wala si lazima bibi awe na jina. Mwanamke aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume alipofariki usiku, maswahaba walimzika bila kutoa habari, kana kwamba jambo lake ni dogo. Mtume akauliza kwa nini hakuambiwa, akataka aoneshwe kaburi, akamswalia pale pale.

Basi turudi kwetu. Mabibi wa bonde hili wamelala madunguni wakiamia ndege, kamba ya makopo mkononi, wajukuu wamelala miguuni. Wengi walifyeka mashamba ya mpunga wenyewe, kwa panga na jembe, wakati sisi tuko mgongoni. Mume akifa, shamba lile linahesabiwa kuwa ni mali ya marehemu, wanakuja shemeji na wapwa, linagawanywa au linauzwa. Yaliyo ya marehemu yarithiwe: mjane aliyeachiwa watoto na mumewe ana thumni yake, na asiyeachiwa ana robo. Lakini shamba alilofyeka mjane mwenyewe kwa ajili yake halimo kabisa katika mirathi ile. Hilo si hisani anayofanyiwa, ni mali yake.

Mambo haya hufika baraza la kijiji, na hapo huulizwa nani alikuwepo shamba likifunguliwa. Aya ya 282, ile iliyotangulia, inawakataza mashahidi kukataa wanapoitwa. Wazee waliokuwepo tunawajua. Wengi wao wanaswali safu ya mbele, na kesi ya bibi ikitajwa wanasema hawataki kugombanisha ukoo.